Uchaguzi wa Chombo cha Kupashia Maji katika Nyumba za Kasongo na Kabambare

Mwenye kununua kitanda hulipa mara moja akakilalia miaka kumi, bali mwenye kununua chombo cha kupashia maji hununua pamoja nacho, apende asipende, kuni au makala (makaa ya miti) au petroli ya kila alfajiri, na jasho la yule atakayeamka kabla ya wenziwe ili awashe. Kwa hiyo bei ya sokoni ni sehemu ndogo ya hesabu, na mtu aliyeitazama hiyo peke yake, akarudi nyumbani akifurahi kuwa amepata cha rahisi, huenda amejifunga deni ambalo mkewe na wanawe watalilipa kidogo kidogo kwa migongo yao. Muradi wa maneno yafuatayo ni kuitazama hesabu hiyo yote kama inavyosimama katika nchi yetu, yaani upande wa Kasongo na Kabambare, kusini ya mkoa wa Maniema nchini Kongo.

Huko Ulaya swali hili lina majibu yaliyokwisha kupangwa. Boila hutundikwa ukutani, gesi ikaingia upande mmoja na maji baridi upande wa pili, na mnunuzi hubaki kulinganisha ukubwa, dhamana na jina la kiwanda. Chombo cha namna hiyo hutaka mambo matatu yawe yamemtangulia: maji yenye kani ndani ya bomba, nishati isiyokatika, na fundi mwenye vipuri karibu. Kwetu maji ya nyumba nyingi huja kichwani, kutoka chemchemi au kisimani, ndani ya bidoni ya lita 20. Mtambo wa Lutshurukuru, uliojengwa zamani za migodi ya bati upande wa Kalima, hupeleka umeme wake Kalima na Kindu. Na kipuri kikiagizwa Bukavu au Kalemie sharti kipite njia ambayo wakati wa masika baiskeli huipita kwa kubebwa. Mtu aliyepata fedha akaitundika boila ukutani katika hali hiyo amejipatia pambo.

Wala si kwamba watu wa nchi hii hawakusikia habari za maji ya moto ya anasa. Katika miaka ambayo Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, alikuwa akijenga hamamu ya Hamamni katika Mji Mkongwe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikuwa amekwisha kuifanya Kasongo kuwa makao ya mamlaka yake, na misafara yake ilikuwa ikienda na kurudi baina ya miji hiyo miwili. Sidney Hinde, tabibu Mwingereza aliyeingia Kasongo pamoja na jeshi la Dhanis, ofisa Mbelgiji, mwezi wa Aprili 1893, alistaajabu alipoona vitanda vya kuchongwa, magodoro ya hariri na bilauri za kioo katikati ya bara, na bustani za machungwa na makomamanga nje ya mji. Anasa iliyobebeka ilibebwa. Tanuri la hamamu halibebeki, kwa maana linataka mfereji, mwashi mjuzi, na mtu wa kuchochea moto usiku kucha. Na tukumbuke kwamba katika nyumba zile za mabwana kazi ya kuchota, kukata kuni na kuwasha ilikuwa ya watumwa, ambao hakuna aliyewahesabia saa zao. Wale waungwana waliacha mambo mengi yaliyokaa mpaka leo: mpunga, msikiti, lugha hii tunayoandikia, na desturi ya kuoga kabla jua halijachomoza.

Desturi hiyo ya mwisho ndiyo inayofanya uchaguzi kuwa mgumu. Mwenye janaba ataka kuoga kabla ya sala ya alfajiri, na alfajiri ndiyo saa ya baridi kupita zote, hasa mwezi wa Juni na Julai, ambapo jua lililowaka mchana kutwa halijaacha kitu isipokuwa umande. Mzazi aliyejifungua ataka kukandwa kwa maji ya moto kila siku mpaka arobaini yake iishe, na maji hayo ni mengi. Maiti ataka maji ya uvuguvugu, wala hatoi taarifa. Kuna chai, kuna uji wa watoto, na kuna maji ya kunywa, ambayo katika nchi ya mto Lualaba na kipindupindu chake haifai kuyanywa hivi hivi. Mahitaji haya hayafanani, na kosa la kwanza la wanunuzi wengi ni kutafuta chombo kimoja cha kuyatimiza yote.

Basi tuanze na kipimo. Kupasha ndoo ya lita 20 kutoka ubaridi wa asubuhi, tuseme nyuzi 24, hata nyuzi 44 za kuogea, hutaka joto la karibu nusu uniti ya umeme, uniti moja ikiwa ni kilowati moja kwa muda wa saa moja. Kiasi hicho hakibadiliki, maji yawe ya tajiri au ya maskini, chombo kiwe cha dhahabu au cha bati; kinachobadilika ni joto linalopotea njiani. Kilo moja ya kuni kavu imebeba uniti nne na nusu hivi, na kilo moja ya makala uniti nane. Juu ya mafiga matatu, upepo ukipita, sehemu nane kati ya tisa za moto huenda zake hewani, na kilo ya kuni hubakiza ndoo moja. Juu ya mbabula, yaani jiko la makala la bati la kawaida, sehemu moja kati ya tano huingia majini, na kilo ya makala huleta ndoo tatu.

Hapo ndipo watu hukata shauri kwa haraka, wakasema mafiga ni ya kishamba na mbabula ni ustaarabu. Lakini makala hayaoti. Mchoma makala akizika kuni chini ya udongo kwa namna ya siku zote, hupata kilo moja kwa kila kilo saba hivi za mti, na mara nyingi hupata pungufu ya hapo, kwa kuwa sehemu kubwa ya moto imekwisha kuliwa ndani ya tanuri porini, hakuna aliyeuota. Kilo zile saba zingewashwa moja kwa moja juu ya mafiga yaliyodharauliwa, zingepasha ndoo saba. Zimepita katika tanuri na mbabula, zimepasha tatu. Mwenye nyumba wa mjini hununua usafi, wepesi na moshi mchache, na hizo ni bidhaa halali za kununuliwa. Ila asijidanganye kuwa anauhurumia msitu. Pale watu wengi wanapokusanyika mahali padogo kwa ajili ya dhahabu, kama Namoya na Salamabila katika Kabambare, hesabu hii huonekana kwa macho, maana kuni za karibu huisha kwanza, na kila gunia hutoka mbali zaidi kuliko lile lililotangulia.

Makala yana hila nyingine ambayo haina budi kutajwa. Moshi wa kuni huchoma macho na kumfukuza mtu nje, na kwa kumfukuza humponya kidogo, ijapokuwa Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majiko ya nyumbani iliua watu milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020 peke yake. Makala yaliyowaka vyema hayatoi moshi wala harufu, na mtu huingiza mbabula chumbani kwa mzazi ili apate joto na maji pamoja, akafunga dirisha. Hewa ya sumu inayotoka humo haionekani wala hainuki. Humlevya mtu kwanza, kisha humlaza asiamke. Chombo chochote cha makala sharti kiwe na mahali pake pa kudumu penye upepo, barazani au ukumbi wa nyuma, na maji ndiyo yaingizwe ndani.

Dawa ya kwanza ya upotevu si ghali. Katika miaka ya themanini mafundi wa Nairobi, kwa msaada wa wataalamu walioona jiko la ndoo la Thailand, walitengeneza jiko la bati lenye kikombe cha udongo wa kuchoma ndani yake, nacho kikombe huzuia joto lisitoke kwa ubavuni. Jiko hilo lilienea Afrika Mashariki, na jamaa zake hutengenezwa Goma, ambako mradi wa EcoMakala ulipanda miti ya kuchoma ili kupunguza kukatwa kwa msitu wa mbuga ya Virunga. Likiwa limetengenezwa sawasawa, kilo ya makala hupasha ndoo tano badala ya tatu. Udongo wa ufinyanzi Maniema haukosekani, mabati chakavu hayakosekani, na fundi awezaye kukunja mbabula kutoka rimu ya gari aweza pia kukunja ganda la jiko hili. Kinachokosekana ni subira ya kukausha kikombe. Kikombe kilichochomwa kabla ya kukauka hupasuka mwezi wa kwanza, mwenye nyumba akalaani jiko zima na kurudia mbabula yake. Kwa hiyo anunuaye asitazame rangi ya bati. Atie mkono ndani, agonge udongo kwa kucha, asikilize kama unalia kama chungu au unanyamaza kama tofali bichi, na amwulize fundi kama anauza kikombe peke yake, kwa sababu bati huishi kuliko udongo, na fundi asiye na kikombe cha akiba anauza jiko la msimu mmoja.

Dawa ya pili haiuzwi. Ni kifuniko. Lita moja ya maji ikiachwa itokote mpaka ikaukie hewani, huchukua joto lipitalo lile la kupasha ndoo nzima ya kuogea. Nyumba ngapi huacha sufuria ikitokota wazi nusu saa, kwa dhana ya kuwa maji ya kunywa hayajaiva? Maji yakitokota kwa nguvu dakika moja yametosha. Yaliyobaki ni kupasha angani. Na kwa maji ya kuoga hakuna haja ya kutafuta deste kubwa la kubeba lita 20: lita tano na nusu zilizochemka, zikitiwa katika ndoo na kuongezwa maji baridi mpaka ijae, huleta ndoo hiyo kwenye uvuguvugu uleule, kwa moto uleule, katika sufuria iliyo nyepesi zaidi kuibeba.

Sasa nije kwenye chombo ambacho nakistahi kuliko vyote, nacho ni pipa. Wazee waliofanya kazi katika misheni na katika nyumba za maofisa wa zamani, Afrika ya Kati na Mashariki, walilijua: pipa la mafuta la lita 200 hulazwa juu ya kuta mbili za matofali nje ya chumba cha kuogea, moto huwashwa chini yake, na bomba hupenya ukutani kuleta maji ndani. Hakuna kiwanda, hakuna kipuri kisichopatikana kwa fundi wa kuchomelea. Kupasha pipa zima kwa nyuzi 30 hutaka uniti saba za joto, ambazo ni kilo 10 mpaka 15 za kuni zikiwashwa vizuri. Kiasi hicho ni upuuzi kwa mtu na mkewe, lakini kwa nyumba ya watu kumi na wawili, au kwa zahanati yenye wazazi, au kwa madrasa ya bweni, ni uchumi mkubwa, maana moto mmoja umefanya kazi ya mioto kumi, na mtu mmoja ameamka badala ya watatu.

Ila pipa lina sheria isiyovunjwa. Sharti liwe na bomba la pumzi, lililo wazi juu, lisilozibwa kwa kuni wala kwa kitambaa wala kwa kizibo cha mbao, hata ikiwa mvuke unaotoka unaonekana kuwa hasara. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hutaka nafasi ya lita elfu moja na mia sita au zaidi, na isipoipata huitafuta kwa nguvu. Wenye kukumbuka garimoshi za kuni katika reli ya Kindu na Kongolo, na meli za moshi zilizokuwa zikisimama ukingoni mwa Lualaba kupakia magogo, wanajua kuwa matangi yale yalikuwa ya chuma kinene, yenye vali na mtu wa kuitazama geji mchana kutwa. Pipa la mafuta ni bati jembamba, halina vali wala mtazamaji. Jambo la pili: bomba la kutolea maji litoke juu kidogo ya kitako cha pipa, ili maji ya chini yabaki daima na bati lisiungue tupu. La tatu, pipa lililobeba dawa za mashamba au kemikali za mgodi halifai, hata lioshwe mara sabini.

Na katika nchi ya mpunga kuna kuni ambazo hakuna anayezihesabu. Kila kilo 100 za mpunga zikikobolewa huacha kilo 20 hivi za makapi, nayo hutupwa nyuma ya kinu yakawa kichuguu, yakachomwa bure ili kupisha mengine. Makapi hayawaki kwa kumwagwa juu ya mafiga, huzima moto. Yataka kushindiliwa. Huchukuliwa kopo kubwa, la rangi au la maziwa ya unga, likatobolewa tundu moja ubavuni karibu na kitako. Chupa husimamishwa katikati, na kijiti kinene hupitishwa tunduni mpaka kiguse chupa. Makapi hujazwa pembeni na kushindiliwa kwa mchi mpaka yawe magumu. Kisha chupa na kijiti huchomolewa taratibu kwa kuzungushwa, likabaki shimo la kwenda juu na njia ya upepo kutoka chini. Moto ukitiwa hapo hula makapi kutoka ndani kwenda nje, pole pole, bila mtu kuchochea. Moshi wake ni mwingi mwanzoni na haufai ndani ya nyumba. Lakini chini ya pipa, nje, makopo matatu ya namna hiyo yakiwashwa kabla ya kulala yatafanya kazi wakati watu wamelala, nalo ni jambo ambalo kuni na makala haziwezi.

Makapi hayohayo yana kazi ya pili, na pengine iliyo bora. Ni kizuizi cha joto. Kasha la mbao au kapu kubwa, likijazwa makapi makavu pande zote na katikati likaachiwa nafasi ya sufuria yenye kifuniko au bidoni, hulinda maji yaliyochemshwa magharibi yakafika alfajiri yangali moto wa kuogea. Kwa njia hiyo moto wa kupikia chakula cha jioni, ambao ungekuwako vyovyote, huzaa maji ya asubuhi, na mama hahitaji kuwasha tena gizani.

Kapu hilo ndilo pia linaloliokoa jua. Kwa dhahiri jua ndilo lingekuwa jibu, maana katika nchi yetu, nyuzi nne na kitu kusini ya ikweta, mita mraba moja ya ardhi hupokea karibu uniti tano kwa siku ya wastani, na bamba la kupashia la mita mbili, lenye kioo na mabomba yaliyopakwa rangi nyeusi, laweza kutoa lita 100 zilizopanda nyuzi 30. Mabamba hayo ni ghali, na kioo hakipendi baiskeli. Bidoni iliyopakwa masizi, ikawekwa juani tangu saa tatu, hupata uvuguvugu wa kutosha alasiri bila gharama yoyote. Na anayerejea shamba saa kumi hataki zaidi. Kwa alfajiri, jua bila kapu ni bure.

Juu ya umeme sitakaa sana. Watu wengi wamenunua bamba la jua la wati 100, wameona taa zinawaka na simu zinajaa, wakauliza kwa nini wasitie na kijiti cha kuchemshia maji. Bamba hilo kwa siku nzima ya jua zuri hukusanya nusu uniti: ndoo moja, au taa ndogo ya wati tano kwa saa mia moja. Mwenye akili ataacha umeme wake uwake taani. Jenereta ni mbaya zaidi, kwa kuwa lita ya petroli iliyopita katika injini ndogo hurejesha chini ya robo ya moto wake. Waliopata mto wa kuwafanyia kazi, kama Goma baada ya mtambo wa Matebe kufunguliwa mwaka 2015, wana haki ya kufikiri vinginevyo. Gesi ya mitungi ni nzuri, safi na ya haraka, na anayeishi karibu na mahali inapojazwa asisite. Anayeishi Kabambare na kuutuma mtungi mtupu safari ya majuma mawili atakuwa na mitungi miwili, mmoja njiani na mmoja ukikaribia kwisha, na bado atahitaji mafiga.

Basi, kwa nyumba ya kawaida ya watu watano au sita mjini Kasongo, ningenunua kwanza sufuria ya lita sita yenye kifuniko kinachokaa, kisha ningejaza kapu makapi, na fedha zikibaki ningetafuta jiko la kikombe cha udongo kwa fundi aliye na vikombe vya akiba. Kwa ua wa jamaa wengi, wenye bibi wazee na wazazi wa kila mwaka, ningejenga pipa, kwa sharti kwamba wote wanaooga wachangie kuni au wachukue zamu ya kuwasha. Bila makubaliano hayo pipa humgeuza mtu mmoja kuwa mtumishi wa wote, na aghalabu mtu huyo ni binti aliyepaswa kuwa njiani kwenda shule. Mwenye kupanga nyumba ya mtu asijenge pipa la matofali hata kidogo, maana siku ya kuhama atabeba bati na kumwachia mwenye nyumba meko.